Neno "sorry": lini ni pole, lini ni samahani, na lini ni kitu kingine kabisa

Mwaka wangu wa kwanza kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, kwenye njia ya Marangu, tulikuwa tunashuka kutoka kambi ya Horombo kwenda kambi ya Mandara. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na njia imekuwa utelezi. Mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima mwenye mvi, aliteleza hatua tatu mbele yangu akapiga goti kwenye jiwe. Suruali ikachanika, damu ikaanza kuchuruzika. Nikatua mzigo, nikamkimbilia: "Sorry, mama! Sorry, sorry!"

Akanitazama kwa mshangao. "Why are you sorry?" akaniuliza. "You didn't do anything."

Maneno yake niliyaelewa yote. Kilichonishinda ni kuelewa kwa nini mtu aliyeumia akatae pole. Nikanyamaza mpaka Mandara, nikidhani nimemuudhi. Jioni, tukinywa chai, ndipo akaniambia kwamba njia nzima naye alikuwa anawaza: huyu kijana ameomba radhi kwa lipi? Au alitakiwa kunionya juu ya lile jiwe akasahau?

Mimi nilisema pole. Yeye alisikia samahani.

Siku hizi nafundisha Kiingereza darasa la jioni hapa Moshi. Wanafunzi wangu wengi ni wapagazi, wapishi wa mlimani, madereva wa watalii na vijana wa mapokezi hotelini. Kila darasa jipya naanza na neno hili, kwa sababu kila mmoja wao anaamini tayari analijua. Mwongozo huu ndio somo lenyewe, nimeliandika kama ninavyolifundisha.

Hatua ya kwanza: jiulize nani ameumia na nani amesababisha

Kiswahili kimetupa maneno mawili pale Kiingereza kinapotumia moja. "Pole" ni ndugu wa "upole" na "polepole". Ukimpa mtu pole unamtakia atulie, maumivu yashuke, na ndiyo maana wengi hujibu "asante, nimeshapoa". Pole haiulizi nani amesababisha. Unaweza kumpa mtu uliyemkanyaga, unaweza kumpa mtu aliyekanyagwa na ng'ombe wa jirani.

"Samahani" imetoka kwenye Kiarabu, shina moja na "samehe" na "msamaha". Ni ombi. Anayesema samahani anaomba kitu kwa mwenzake: asamehewe, apishwe, asikilizwe. "Kunradhi" na "niwie radhi" ni vilevile.

Sasa "sorry". Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", kutoka "sar", yaani maumivu au kidonda, neno ambalo leo ni "sore". Watu wengi, hata Waingereza wenyewe, hudhani limezaliwa na "sorrow", yaani huzuni. Mizizi yake ni tofauti. Maneno hayo mawili yalikaribiana kwa sauti na maana kadiri miaka ilivyopita. Kwa asili, basi, anayesema "I am sorry" anasema "moyo wangu unauma". Angalia tofauti hapo, maana ndiyo msingi wa somo zima. Pole inamwendea aliyeumia. Samahani inamwomba aliyekosewa. "Sorry" inaeleza hali ya moyo wa msemaji, kisha inamwachia msikilizaji atafute mwenyewe ni kwa nini moyo huo unauma.

Na msikilizaji anaitafuta sababu kwenye tukio lenyewe. Kama jambo limetokea mbele ya macho yenu na wewe ulikuwa karibu, Mwingereza au Mmarekani atasikia samahani. Kama ni habari ya jambo lililotokea mbali, ambalo wewe huwezi kuwa umelisababisha, atasikia pole. Mgeni akikuambia mama yake yuko hospitali huko Manchester, "I'm sorry" yako haiwezi kueleweka vibaya. Mgeni huyohuyo akimwagikiwa na chai ukiwa umesimama pembeni yake, "sorry" yako ni kukiri kosa.

Kwa hiyo, kabla hujafungua mdomo, jiulize: je, anaweza kudhani mimi ndiye nimesababisha? Kama jibu ni ndiyo, na hukusababisha, usianze na "sorry". Anza na mtu mwenyewe: "Oh no! Are you all right?" Halafu toa msaada: "Sit down. Let me see your knee." Pole yako imo ndani ya maneno hayo yote, na ataisikia. Kama ni ugonjwa, ongeza kidogo: "I'm sorry to hear that. I hope you feel better soon." Hayo maneno "to hear that" ni madogo ila yanafanya kazi kubwa: yanasema wazi kwamba moyo wako unauma kwa ulichosikia, si kwa ulichofanya.

Jambo moja nalisema kwa sauti kila muhula. "Sorry" kwa maana ya pole si Kiingereza kibovu. Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, hata Lagos na Accra, mtu akijikwaa barabarani watu watatu asiowajua watamwambia "sorry", na hakuna atakayeuliza kwa nini. Ni Kiingereza chetu, na kimebeba ubinadamu wetu. Mkiwa wenyewe kwa wenyewe kitumieni bila haya. Ninachofundisha ni kumjua unayezungumza naye.

Hatua ya pili: pole za kila siku usizitafsiri, zibadilishe

Hapa ndipo wanafunzi wangu wanapoteseka zaidi, kwa sababu sisi tunatoa pole kwa mambo ambayo Mwingereza hayaoni kama shida. Pole na kazi. Pole na safari. Pole na majukumu. Pole na foleni. Pole na jua.

Ukimwambia mgeni anayeandika kwenye kompyuta yake "Sorry for work", hataelewa. Akijitahidi kuelewa, atafikiri unamsikitikia kwa kuwa na kazi mbaya. Kiingereza hakina pole ya kazi. Kina njia nyingine za kumwonyesha mtu kwamba umeona jasho lake, na lazima uchague kulingana na anachofanya. Mfanyakazi mwenzako ametoka kusafisha vyumba kumi: "You've worked hard today." Mtu amekufanyia wewe kazi hiyo: "Thank you for all your work." Mtu yuko katikati ya kazi na bado ana safari ndefu: "You look busy! How is it going?" Mgeni amefika kambini akihema, miguu inamtetemeka: "Well done!" Hili la mwisho wapagazi wangu hulipenda wakilizoea, maana linabeba pole na hongera kwa pamoja, na kwa mtu aliyetoka kupanda kutwa nzima ni kama maji ya kunywa.

Pole na safari huwa swali: "How was your journey?" Mwache ajibu. Akilalamika kwamba ndege ilichelewa saa sita, hapo sasa "Oh, I'm sorry to hear that" inakaa mahali pake. Kisha: "You must be tired. Let me take your bag." Mwanafunzi mmoja wa mapokezi aliniambia, "Mwalimu, hiyo ni kazi ndefu kwa neno moja la pole." Ni kweli ni ndefu. Lakini tukikaa naye tukaitazama salamu yetu vizuri, hata sisi hatuishii kwenye neno moja. Tunasema pole na safari, habari za huko, mmefikaje, karibuni. Mpe mgeni wako urefu huohuo kwa Kiingereza.

Pole ya mgonjwa na pole ya msiba, hizo "sorry" inazibeba bila tatizo. "I heard about your father. I'm so sorry. How is he now?" Kwa msiba: "I'm so sorry for your loss." Neno "loss" hapo si hasara ya duka; ni kuondokewa. Usiongeze mengi. Wao hawana desturi ya kuorodhesha maneno ya faraja kama tunavyofanya sisi tukienda kuhani, na ukimya baada ya sentensi hiyo hauchukuliwi kuwa ukavu.

Kuna kosa moja linatoka kwenye lugha yetu nzuri ya rambirambi. Tunasema "pokea pole zangu", na mwanafunzi anaandika "Take my sorry". Haiwezekani, maana "sorry" si nomino. Kiingereza kinakulazimisha hapa kuchagua kati ya maneno mawili tofauti kabisa. Kwa msiba: "Please accept my condolences." Kwa kosa ulilofanya: "Please accept my apologies." Ukichanganya, umemwomba mfiwa msamaha kana kwamba wewe ndiye uliyeua. Nimewahi kuona ujumbe wa namna hiyo ukitumwa kwa familia ya mteja wa zamani, na aliyeutuma alikuwa analia kwa uchungu wa kweli alipouandika.

Hatua ya tatu: jenga sentensi yake sawasawa

"Sorry" ni kivumishi, kama "tired" na "hungry". Hivyo linahitaji kitenzi cha kuwa: "I am sorry", "She was sorry", "We are sorry". "I sorry" ni sawa na kusema "mimi chovu". Lisimame peke yake tu pale linapokuwa neno la kutamka haraka: "Sorry!" Ukitaka kitendo cha kuomba radhi, unaongeza "say": "Say sorry to your brother", mwombe kaka yako msamaha. Mtu anatanguliwa na "to", usiseme "I said him sorry".

Kinachofuata baada ya "sorry" ndicho kinachobadilisha maana, na hapo nataka tuende taratibu.

"Sorry about" inafuatwa na jambo. "Sorry about the noise." "Sorry about yesterday." Ni nyepesi, ya kila siku, na haisemi sana ni nani mwenye kosa. Kwa mtu wa mapokezi hii ni silaha nzuri: umeme umekatika, wewe si mwenye mitambo, lakini mgeni amekaa gizani. "I'm sorry about the power cut. The generator will start in five minutes."

"Sorry for" ikifuatwa na kitenzi chenye "-ing" inataja ulichokitenda wewe. "I'm sorry for shouting." Nimekosa kwa kupiga kelele, nakiri.

"Sorry to" inafuatwa na kitenzi kitupu, na ndiyo inayochanganya na hiyo ya juu. Chukua mlango wa chumba cha hoteli. Unagonga, mgeni anafungua, na usumbufu ndio kwanza unaanza: "Sorry to disturb you, but your driver is here." Umemaliza ulichokuja kufanya, unaondoka, usumbufu umeshapita: "Sorry for disturbing you." Moja ni ya kuingilia, nyingine ni ya kutokea. Mwingereza mwenyewe hachungi mpaka huu kila mara, na "Sorry to have disturbed you" nayo ipo kwa kuondokea, lakini ukiushika hivyo hutakosea.

Sasa ile ya hatari: "sorry for" ikifuatwa na mtu. "I feel sorry for him" maana yake namwonea huruma. Ukimsema mtu asiyekuwepo, ni sawa. Lakini kumwambia mtu usoni "I'm sorry for you" ni kumwambia "wewe unanisikitisha", na kwa sauti fulani ni dharau tupu. Kijana mmoja niliyemfundisha alimwambia hivyo mgeni ambaye begi lake halikufika na ndege. Alikuwa na nia njema kabisa. Yule mgeni, akiwa amechoka na hana hata mswaki, alisikia anadharauliwa, akaenda kulalamika. Tofauti ya neno moja ingemwokoa: "I'm sorry about your bag." Masikitiko yaende kwenye begi, yasiende kwa mwenye begi.

Hatua ya nne: sikiliza sauti inapanda au inashuka

Sauti ikishuka mwishoni, "Sorry." ni ile tuliyoizungumza. Sauti ikipanda kama swali, "Sorry?", maana yake ni "unasemaje?" Mtu hajakusikia, anaomba urudie. Waingereza huitumia mara nyingi sana, Wamarekani mara nyingi zaidi watasema "Excuse me?" au "What was that?"

Nimeshuhudia mazungumzo haya zaidi ya mara moja. Kiongozi wa wageni anasema, "Tomorrow we start at six." Mgeni: "Sorry?" Kiongozi, kwa tabasamu: "No problem!" Mgeni anabaki anasubiri, kiongozi anadhani ameshasamehe, na kesho yake mgeni hajui ni saa ngapi. Ukisikia sauti inapanda, rudia ulichosema, polepole kidogo, na utaje namba kwa uwazi. Hakuna msamaha unaoombwa hapo.

Kuhusu samahani ya kumsimamisha mtu au kupita katikati ya watu, "Excuse me" ndiyo salama kote. Uingereza utasikia pia "Sorry, could I just get past?" na hiyo ni adabu, wala hajafanya kosa. Mwingereza husema "sorry" hata wewe ukimkanyaga yeye. Usishangae, na usidhani amekubali kosa. Naye mwambie "sorry", mpishane.

Matamshi yasikusumbue. Uingereza "o" yake ni fupi. Wamarekani wengi hutamka karibu na "sari", kama lile vazi la Kihindi. Wakanada wengi hutamka "sori" karibu kabisa na sisi. Sema "sori" yako kwa uwazi, utaeleweka popote.

Hatua ya tano: jifunze kujibu

Tumelelewa kujibu pole kwa asante. Hiyo inafaa kwa Kiingereza pale tu "sorry" inapokuwa pole: mtu akikuambia "I'm sorry for your loss", unajibu "Thank you". Lakini mtu akikugonga begani akasema "Sorry!", ukimjibu "Thank you" atachanganyikiwa, kwa kuwa utakuwa umemshukuru kwa kukugonga. Jibu ni "That's all right", "It's fine" au "No worries". Australia hilo la mwisho utalisikia kutwa.

"Bila samahani" yetu haina tafsiri. Mtu akianza na "Sorry, can I ask you something?", sema tu "Yes, of course."

Na kama kosa alilokufanyia ni kubwa na hujakuwa tayari kusema si kitu, usiseme si kitu. "Thank you for saying that" inapokea radhi bila kufuta kosa. Wanawake wengi darasani huiandika sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya sita: pima uzito, maana kwenye maandishi na siasa neno hili linapimwa kwa mizani

Mazungumzo ya kawaida yanaongezewa nguvu kwa neno la mbele: "so sorry", "really sorry". "Terribly sorry" ni ya Kiingereza cha Uingereza. "Deeply sorry" ni ya barua na hotuba. Kiofisi zaidi ni "We apologise for the delay", ambayo inakiri kosa, na "We regret to inform you", tunasikitika kukufahamisha, ambayo haikiri chochote. Ukiona barua ya majibu ya maombi yako ya kazi imeanza na "We regret", habari umeshaipata kabla ya mstari wa pili.

Tofauti hiyo kati ya kusikitika na kuomba radhi si ya walimu peke yao. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipotea. Wamarekani 24 walitua kisiwani na kuzuiliwa. China ilitaka kuombwa radhi. Tarehe 11 Aprili Marekani ilitoa barua iliyosema "very sorry" mara mbili: kwa kifo cha rubani, na kwa ndege yao kuingia anga ya China na kutua bila ruhusa ya mdomo. Wamarekani wakawaambia watu wao kwamba ile ni rambirambi, si kukiri kosa. China ikawaambia watu wake kwamba wameombwa radhi. Wale 24 wakaachiwa. Ile barua ilikuwa pole upande mmoja na samahani upande wa pili, kama mimi na yule mama wa Marangu.

Australia ni mfano wa kinyume chake. Kwa miongo mingi watoto wa wenyeji asilia walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao na serikali. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha azimio lenye neno "regret". Walioumizwa walisema hilo si neno walilokuwa wakilisubiri. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama bungeni akasema "we say sorry", mara tatu. Watu wazima walilia barabarani kwa neno ambalo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuliandika.

Na sisi tumo humo. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliliambia Bunge kwamba serikali yake "sincerely regrets" mateso waliyofanyiwa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau. Walalamikaji 5,228 walihusika katika makubaliano ya pauni milioni 19.9, lakini hapohapo alikana dhima ya kisheria. Tarehe 31 Oktoba 2023, Nairobi, Mfalme Charles alitaja "the greatest sorrow and the deepest regret". Sikiliza kwa makini: ni "sorrow", huzuni. "Sorry" haikutamkwa, wala "apologise". Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Songea, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alizungumza na wazao wa waliouawa katika Vita vya Majimaji, na yeye aliomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu zao. Kwa siku mbili mfululizo, nchi mbili jirani zilisikia maneno ya uzito tofauti kabisa. Namwomba kila mwanafunzi azisome habari hizo mbili kwa Kiingereza akiwa na kalamu mkononi, apigie mstari kila neno la majuto, na kando yake aandike kwa Kiswahili: hii ni pole, au ni samahani?

Kwa mwenye ndugu anayeendesha gari ughaibuni, kuna la kuongeza. Wengi huambiwa wasitamke "sorry" kwenye ajali kwa hofu ya kujishtaki. Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe. Jimbo la Ontario, Canada, lilitunga sheria yake mwaka 2009 kwa nia hiyohiyo. Si kila mahali pana sheria kama hizo, hivyo kwenye ajali rudi hatua ya kwanza: "Are you hurt?" Ni swali la kibinadamu, na halina hukumu ndani yake.

Hatua ya saba: sura nyingine za neno

Hizi ni chache, zipitie haraka. "You'll be sorry" ni utajuta, kwa kawaida ni kitisho. "I'm sorry I came" ni najuta kuja. "Better safe than sorry" ni afadhali tahadhari kuliko majuto. Sisi tungesema majuto ni mjukuu. "Sorry, I meant Tuesday" ni kujisahihisha tu. "I'm sorry, but I can't" ni kukataa kwa adabu, na hapo msikilizaji asisubiri msamaha, asikie hapana.

Neno likitangulia nomino linageuka kabisa. "The house was in a sorry state" haimaanishi nyumba inaomba radhi. Iko hoi, inatia huruma kuitazama. "A sorry excuse" ni kisingizio kisicho na maana.

Mazoezi ya jioni moja

Funika majibu, jaribu kwa sauti. Mgeni anakohoa, anakuambia hakulala usiku kucha: "Oh, I'm sorry to hear that. Shall I bring you some ginger tea?" Umemletea kahawa badala ya chai: "I'm so sorry. I'll bring your tea right away." Mpagazi mwenzako amefika kambini na kilo 20 kichwani, na wageni wanasikiliza: "Well done, brother! Sit down, rest." Mgeni anasema "Sorry?" baada ya kumtajia bei: rudia bei. Mtu anakukanyaga kwenye foleni ya uwanja wa ndege, anasema "Sorry!": "That's all right."

La mwisho ni gumu, na darasani tunalitolea nusu saa. Mteja uliyempandisha mlimani miaka miwili iliyopita amekuandikia kwamba mumewe, uliyempandisha pia, amefariki. Mwandikie mistari minne. Hii ni ya mwanafunzi wangu mmoja, nimeomba ruhusa yake kuiweka hapa na sikubadilisha neno:

"I am so sorry for your loss. I remember him at Horombo, singing with us in the rain. All of us who walked with him send you our condolences. You are in our prayers."